Ijumaa Mti Ulipoangukia Laini

Shirimatunda, Moshi
2 Februari 2003

Dada Theopista,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Iringa, na kwamba baridi ya huko imekiacha kifua chako. Sisi hapa wazima. Mektrida ameanza darasa la kwanza, na wiki nzima ya mwanzo alilala na sare yake, ukimvua analia. Watu wakimwuliza anafanana na nani anajibu, "Shangazi wa Iringa," ingawa amekuona mara mbili tu tangu azaliwe.

Kwetu Kibosho nilipanda kabla ya Krismasi kwenda kupunguzia migomba. Ndizi zimesimama vizuri. Kahawa sina la kusema, majirani wameanza kung'oa mibuni wanapanda nyanya. Nyumba ya mama nimeipiga kufuli jipya. Paa la jikoni linavuja upande wa banda la ng'ombe, nitalitazama nikipata nafasi. Kazi ya useremala inakwenda. Tangu nipunguzwe kiwandani nimezoea kuamka bila king'ora.

Sasa nikueleze kilichonikaa kooni.

Unajua Violet alipata kazi kwenye ile kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Kazi yake ni kujibu barua za wageni kwa kompyuta. Ofisi yao mjini haina simu ya uhakika, bosi akaona sisi tuna laini nzuri, akaileta kompyuta nyumbani. Sebule sasa ni ofisi. Meza ya mninga niliyoitengeneza kwa mikono yangu ili tule chakula kama watu, ndiyo imekaliwa na kompyuta, na sisi tunakula sahani zikiwa magotini.

Karakana yangu iko chini ya dirisha la sebule. Mimi napiga randa, nasikia intaneti inavyolia ikianza kushika, kama paka aliyekanyagwa mkia. Halafu vibonye. Halafu kicheko. Dada, mzungu gani anayeuliza bei ya kupanda mlima anamchekesha mtu namna hiyo? Mimi mumewe sijamchekesha hivyo tangu mwaka tuliooana.

Juzi niliingia kuchukua futi kamba, hakunisikia. Nikasoma mstari mmoja kabla hajageuka: "Ebenezeri anasema hawezi kungoja tena." Akabonyeza kitu, ikatokea picha ya tembo. Nikamwuliza, "Huyo nani?" Akasema, "Mteja." Uso wake haukuwa uso wa mtu anayezungumzia mteja.

Na jina lenyewe! Unamkumbuka yule mwalimu Ebenezeri wa Machame, aliyekuwa anakuja kwetu na baiskeli? Alikunywa chai yetu mwaka mzima, akahamishwa, akaondoka bila hata neno moja kwako. Nilikuambia tangu mwanzo hafai. Naanza kuamini jina hilo lina ugomvi na nyumba yetu.

Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki, sina mwingine wa kumwuliza. Nimewaza kumwambia bosi wake aje achukue mali yake. Nimewaza pia kuchukua koleo nikate waya mwenyewe. Jibu haraka. Simu ya nyumbani iko karibu na masikio ya Violet, na haya si maneno ya kupigia kelele kibandani watu wakisubiri zamu.

Mdogo wako,
Melkior


Iringa
27 Februari 2003

Mdogo wangu Melkior,

Marahaba, baba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa Makete kwa kazi za mradi wa maji, na barua yako ilikaa kwenye sanduku la posta siku nane. Kifua kimepona. Mvua huku ni nyingi, mahindi yamenizidi urefu. Mbusu Mektrida, mwambie shangazi yake naye alilala na sare.

Paa la jikoni usiliache mpaka masika. Ule ukuta ukilowa hautasimama.

Kuhusu jambo uliloniuliza. Violet ni mke mwema, nami namjua kuliko unavyodhani. Kina Ebenezeri ni wengi, pale Machame tu wanajaza kanisa. Usimfikirie mkeo vibaya kwa sababu ya mstari mmoja. Na barua ni ya aliyeandikiwa, Melkior, iwe ya karatasi au ya kompyuta. Hilo ulishike.

Usikate waya. Nakuomba sana.

Yapo mengine ninayotaka kukuambia, lakini nitayasema nikija. Nadhani nitakuja mwaka huu.

Dada yako,
Theopista


Shirimatunda, Moshi
12 Mei 2003

Dada,

Shikamoo. Mektrida mzima, Violet mzima. Salamu nazikatisha hapo leo kwa sababu sina moyo wa kuzirefusha. Barua yako ya Februari sikuijibu, nilikuwa naifikiria. Sasa naielewa.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kwenye saa nne ule mgrevilea mkubwa wa kando ya mfereji uling'oka, ukalala juu ya nguzo ya simu, na nyaya za mtaa mzima zikawa kwenye tope. Mimi nilisikia kishindo tu. Kufumba na kufumbua Violet yuko mlango wa karakana, analowa.

"Melki, umeigusa laini?"

"Mimi?"

"Intaneti imekufa. Sema kweli."

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye mvua, nikamwonyesha mti. Alisimama akiuangalia kama mtu aliyeletewa habari. Fundi wa simu alipopita alisema kabla ya Jumanne tusitegemee kitu.

Nilidhani atalia. Alirudi ndani, akaifunika kompyuta kwa kitambaa, halafu akasema, "Twende Kibosho."

"Lini?"

"Sasa hivi. Tukalale nyumba ya mama mpaka Jumapili."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii hii. Mimi sina kazi mpaka Jumanne, wewe mbao zako zimelowa. Mchukulie mtoto koti."

Dada, miaka saba ya ndoa Violet hajawahi kulala pale zaidi ya usiku wa Krismasi. Sikuuliza mara mbili. Jirani alikuwa anapeleka pumba juu na pikapu yake, akatubeba mpaka tope lilipomshinda, tukashuka tukaenda kwa miguu. Mimi nina Mektrida mabegani, Violet ameshika viatu mkononi. Kwenye ule mteremko wa mfereji akateleza, akakaa chini kwenye tope na gauni lake la kazini. Nikangoja ugomvi. Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile ninachokisikia dirishani, lakini safari hii kilikuwa changu.

Jumamosi mvua ilikatika na mlima ukafunguka mweupe. Nilipanda juu ya jiko nikaziba paa, yeye ananirushia misumari kutoka chini. Mchana akapika kiburu cha ndizi na maharage kwenye mafiga ya mama, moshi ukamtoa machozi, Mektrida akawa anampepea. Nikawasimulia jinsi wewe ulivyokuwa unakata majani ya ng'ombe kabla ya kwenda kufundisha, na jinsi ulivyonipiga kwa mwiko nilipouza daftari. Violet alikuwa anauliza, "Halafu? Halafu Theopista akafanya nini?" Nilidhani anapenda hadithi zangu.

Nilifurahi. Nakuambia ili ujue ni kitu gani kimevunjika.

Jana baada ya misa Violet alibaki mlangoni pa kanisa, anatazama ndani, maua ya altareni. Akasema, "Wifi atapendeza hapa."

"Wifi gani?"

Akanishika mkono. "Melki, tafadhali tukae mahali."

"Sema tu hapa hapa."

"Theopista anaolewa. Na Ebenezeri, yule mwalimu. Mke wake alifariki, wakakutana tena Iringa mwaka juzi. Ananiandikia tangu Novemba, kila siku tunaandikiana. Aliniomba nikutafutie wakati mzuri wa kukuambia, na wakati mzuri haukutokea mpaka huu mti ulipoanguka."

Unajua nilisema nini? Sikusema Ebenezeri. Nilisema, "Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Kila siku, Dada! Mimi nakuandikia kurasa nne, nabandika stempu, napeleka posta kwa mguu, nangoja wiki tatu, napata ukurasa mmoja na habari za mahindi. Na nyumbani kwangu, juu ya meza yangu, unaingia kila siku unamchekesha mke wangu. Nilikuwa namwonea wivu mwanamume nisiyemjua, kumbe ni wewe. Sijui hata nimwonee wivu nani kati yenu. Nilidhani safari ile ni yetu sisi wawili na mtoto, kumbe nilikuwa napelekwa kuambiwa kitu.

Niliwaacha pale pale kanisani. Nilishuka kwa miguu peke yangu hadi Shirimatunda. Wao walifika jioni, na Violet hajanisemesha.

Kesho laini inatengenezwa. Endeleeni. Mimi usiniandikie. Na huyo mwalimu mwambie, pombe yake ya posa, hiyo mbege, mimi sitaipokea.

Melkior


Iringa
6 Julai 2003

Mdogo wangu Melkior,

Hukuniaga katika barua yako, lakini mimi nakusalimu. Najua Mektrida ameng'oka jino la mbele, najua pia kwamba ukuta wa jikoni umesimama. Nimeyajua kwa njia unayoichukia, sitakudanganya.

Ulisema nisikuandikie. Nimekutii karibu miezi miwili. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Unanihesabia kurasa. Acha na mimi nikuambie cha kwangu. Violet aliponiandikia kwamba mmelala nyumba ya mama, mmewasha mafiga, mmekula kiburu mvua ikidondoka, nilifunga mlango wa ofisi nikakaa. Nilikuonea wivu, Melkior. Miaka kumi na tatu sijalala kwenye nyumba ile. Sikuondoka kwa kuichoka. Niliondoka kwa sababu kila mwanamke wa rika langu alipita mbele ya kihamba chetu cha migomba na mtoto mgongoni, na mimi nilikuwa dada wa Melkior. Ulipooa nilikuja kwa siku moja tu, nikacheza kuliko wote, mpaka watu wakanipigia vigelegele. Hukujiuliza nilikuwa nacheza na moyo gani.

Umeandika kwamba Ebenezeri aliondoka bila hata neno moja. Umeandika hivyo kwa mkono wako mwenyewe, mwaka huu.

Aliandika, Melkior. Kutoka Tukuyu, mara tatu, mwaka 1987. Aliziandika kwa anwani ya parokia. Wakati ule barua zilikuwa zinaitwa majina baada ya misa, na za nyumba yetu alikuwa anapokea mtu mmoja, kwa sababu mimi nilikuwa nawahi kurudi kuwatazama ng'ombe. Yeye hakupata jibu akajua nimemkataa, akaoa. Mimi sikupata barua nikajua ameniacha, nikakaa.

Nimelijua hili tangu mwaka juzi tulipokutana na kuulizana. Krismasi mbili zimepita nikilijua, na zote mbili nilikutumia zawadi. Sikukuuliza. Nilitaka useme mwenyewe, na wewe ukaniandikia kwamba nilimnywesha chai mtu asiyefaa.

Unauliza kwa nini nilimwandikia mkeo na si wewe. Ni kwa sababu nimeiogopa mikono yako. Neno likipita kwako sina hakika litafika.

Ndoa ni Jumamosi tarehe 4 Oktoba, Kibosho. Yeye ni Mlutheri bado, lakini padri ameshatupatia ruhusa. Swali langu kwako ni moja. Barua zangu ziko wapi?

Theopista


Shirimatunda, Moshi
10 Agosti 2003

Dada Theopista,

Shikamoo. Mektrida mzima, jino jipya linachungulia. Baridi ya mwaka huu imeua nyanya za majirani.

Barua zako niliziunguza.

Ya kwanza nilikuwa na nia ya kukupa. Niliiweka mfukoni nikitoka kanisani, na njiani nikaifungua, nikasema nitaibandika tena. Alikuwa anakuomba umfuate. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mkubwa kabisa, siwezi kujificha nyuma ya utoto. Niliona tu nyumba ile bila wewe ndani yake. Nikaichomeka kati ya mbao za dari. Ya pili ilipokuja, nisingeweza kukupa bila kuitaja ya kwanza. Ya tatu sikuifungua. Siku hiyo wewe ulikuwa zamu ya maji mferejini, nikaziweka zote kwenye mafiga, nikachochea. Ulirudi ukaniuliza mbona nina macho mekundu, nikasema moshi. Ukanipa maziwa.

Ya tatu siwezi kukurudishia. Lakini mbili za kwanza nilizisoma mara nyingi mno, na ya pili naijua yote. Nimejaribu miaka mingi kuisahau. Nakuandikia hapa kama ilivyokuwa, ni yako:

"Mpendwa Theopista, sijapata jibu lako, labda barua ilipotea. Huku Tukuyu kunanyesha kuliko Kibosho, utadhani uko kwenu. Nimepewa nyumba ya shule yenye vyumba viwili. Kimoja nimeshakipaka chokaa. Najua huwezi kumwacha Melkior na sitakuomba umwache. Njoo naye. Sekondari iko karibu, nimezungumza na mkuu wa shule, amesema atampokea. Chumba cha pili ni chake. Niambie tu siku, nitakuja kuwapokea stendi Mbeya. Wako, Ebenezeri."

Umeona, Dada. Hakutaka kukuchukua kwangu. Alikuwa amenipangia hadi kitanda. Nililisoma hilo nikazidi kumchukia, kwa sababu sikuwa tena na sababu ya kumchukia. Sikutaka chumba chake. Nilitaka uendelee kunigawia wewe, sufuria moja, mimi wa kwanza.

Violet aliniambia kwamba Ebenezeri yuko likizo Machame. Siku ya soko nilikwenda Kwa Sadala, huko huko Machame, nikamkuta anachagua mbegu za maharage. Ana mvi. Nikamwambia, "Mimi ni Melkior."

"Najua. Una macho ya dada yako."

Nikamwambia nilizichoma. Aliendelea kuchagua maharage, moja moja, mpaka yule mama muuzaji akaanza kututazama. Halafu akaniuliza, "Zote ulizisoma?"

"Ya tatu sikuifungua."

"Afadhali," akasema. "Ile nilimtukana."

Alininunulia chai, tukanywa tumesimama. Mkono hakunipa. Sikuutegemea.

Violet na mimi tunasemeshana sasa, kidogo kidogo. Hajanisamehe kwa kumwacha kanisani na mtoto kwenye lile tope, na nimemwelewa. Nimemwomba anifundishe kuandika kwa kompyuta niwe nakupata na mimi kila siku. Amekataa. Amesema, "Huko ni kwangu na wifi. Wewe una posta."

Nimeumia, sitaficha. Nitaumia pia tarehe nne Oktoba ukipita mbele yangu unakwenda kwake. Wivu huu sijui kama utaniisha. Ila sasa nalijua jina lake, na sitakuambia tena kwamba ni upendo.

Ukinitaka nisije, nitabaki Shirimatunda. Ukinitaka nije, nitafanya utakaloniagiza.

Mdogo wako,
Melkior


Iringa
29 Agosti 2003

Melkior,

Marahaba.

Sijakusamehe. Naona nitakusamehe, lakini bado, na sitaki mtu anikimbize.

Utakuja. Mimi sina baba wala kaka mkubwa wa kupokea mbege ya upande wao, kwa hiyo utapokea wewe, kwa mikono miwili, na utakunywa mbele ya watu wote wa Machame. Mweleze Violet aje na Mektrida mapema, nataka kulala nao nyumba ya mama siku mbili kabla ya ndoa. Wewe utalala kwa jirani.

Barua uliyoniandikia nilimsomea Ebenezeri jana, tumekaa nje kwenye ngazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niirudie. Akasema ile barua yake ya pili umeikumbuka vizuri kuliko yeye, ila pamoja na hayo kuna kitu barua haikueleza. Wiki ile ile alipoipeleka posta, alinunua chokaa nyingine akapaka na kile chumba cha pili.

Dada yako,
Theopista